Mtoto Asiyelia
Mimi ni muuguzi wa zahanati huku Bomet, katikati ya mashamba ya chai. Mtoto anayenililia kwa nguvu nikimpima hanitii hofu sana. Ninayemwogopa ni yule wa wiki tatu, kafungwa blanketi mbili na leso juu, na nyanya yake ananisifia: "Huyu hasumbui, daktari. Analala tu." Namfunua, nakwaruza unyayo, anasogeza mguu kidogo kisha kimya. Kipimajoto kwapani kinasoma 35.2.

Hapo nashuku maambukizi ya bakteria. Watu wakiyasikia hayo hutafuta joto. Mtoto wa chini ya miezi miwili anaweza kupoa badala ya kuchemka, na chini ya 35.5 ni hatari kama vile 38. Lakini kwa ukungu wetu wa asubuhi, kila mtu atakuambia ni baridi tu.

Pumzi nazo huhesabiwa dakika nzima kwa saa, mtoto akiwa ametulia, maana wachanga hukimbiza pumzi kisha wakazipunguza. Zikifika 60, nahesabu tena. Nje kuna foleni ya chanjo na mtu aliyejikata panga. Hapo ndipo hesabu hukatizwa.

Maabara ya kuotesha bakteria hatuna. Hata penye nayo, majibu huchukua siku mbili, tatu. Naamua kwa macho, saa na kipimajoto.

Dalili hizi zikiwepo ni rufaa, hospitali ya Longisa au ya Kapkatet. Mama ananiuliza wale watoto wengine nyumbani atawaachia nani. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linaruhusu, familia ikishindwa kabisa kwenda na mtoto hajazidiwa mno, tumtibu karibu na nyumbani: gentamaisini ya sindano mara moja kwa siku, na amoksilini ya kunywa siku saba. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizofanyiwa utafiti wa matibabu hayo.

Kwenye karatasi inapendeza. Siku ya pili mtoto ananyonya, mama anaona kapona, na majani ya chai hayangoji. Malipo ni kwa kilo. Kesho yake haji. Simu imezimwa. Namwomba mhamasishaji wa afya apande kilima kumtafuta, kwa miguu, mvua ikinyesha. Kazi hii ya kufuatilia haionekani kwenye ripoti yoyote ninayojaza.

Basi mzazi, na wewe nyanya: mchanga akilegea, akiwa baridi au akikataa titi, mlete leo. Na akionekana kapona, mlete kesho vilevile, dawa bado haijaisha.