Rubani wa Nchi Kavu

Sisi wa visiwani tulikuwa na neno rubani kabla ya kuona ndege. Rubani alikuwa mtu wa chombo, mjuzi wa milango ya bandari na miamba yake. Bahari kuu haikumhitaji sana, ila penye wembamba ndipo alipotakiwa. Neno hilo nimelifasiri mara nyingi nisiukumbuke ukale wake, hadi jioni moja ya Desemba 2022, huko Uskoti.

Mpwa wangu anaishi huko, naye hurusha ndege ndogo ya injini moja. Majira ya baridi jua la kwao huzama kabla ya saa kumi alasiri. Tulipofika kiwanjani giza lilikwisha tanda. Nilidhani kazi iko angani. Kumbe ilianzia chini. Alifuta umande ulioganda juu ya mbawa asisaze hata utando, kwani barafu nyembamba huliondolea bawa nguvu ya kuinua. Akasafisha kioo, akafifiza taa za ndani, maana jicho lililotoka penye mwanga huhitaji kiasi cha nusu saa kulizoea giza. Kisha akapitisha kidole juu ya mchoro wa kiwanja, akasema, "Mjomba, uniwie radhi, tusizungumze mpaka tusimame."

Alijaribu breki, kwa kuwa lami yenye barafu haishiki gurudumu, tukaenda mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu. Taa za buluu zilichora kingo za njia yetu. Mbele, zile nyeupe zilionyesha njia ya kurukia. Kila agizo la mnara alilirudia neno kwa neno. Moja hakulisikia vyema: akasimamisha ndege, akauliza upya.

Baadaye nilimwuliza kama hakuona haya.

"Mjomba, ukishauvuka mstari ule hujui nani anashuka nyuma yako."

Jibu lile lilinirudia tarehe 2 Januari 2024. Jioni hiyo, katika kiwanja cha Haneda, Tokyo, ndege ya walinzi wa pwani iliyobeba misaada ya tetemeko la Noto iliingia katika njia ya kurukia, ikasimama hapo kiasi cha sekunde 40. Ndege kubwa ya abiria ikatua juu yake. Watu wote 379 wa ndege kubwa waliokoka. Watano kati ya sita wa ile ndogo walifariki. Ripoti ya awali ya wachunguzi, ya Desemba 2024, ilieleza kuwa waliomo katika ndege ndogo waliamini wameruhusiwa kuingia, walio mnarani hawakutambua, na marubani waliokuwa wakitua hawakuiona.

Mnara ulikuwa umewaambia waende mahali pa kusubiria, na kwamba wao ni namba moja. Maneno hayo waliyarudia barabara.

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu mimi mfasiri. Kurudia si kufahamu. "Namba moja" ilitamkwa kwa maana ya zamu, ikapokewa kwa maana ya ruhusa. Ni mara ngapi nami nimelirejesha neno la mtu likiwa zima, na maana yake nimeiacha nyuma?

Mpwa wangu angali anaruka. Kila baridi ikiingia humpigia simu. Simwulizi habari za mawingu. Namwuliza kama alisimama kwenye mstari.