Kuteleza kwa Hiari

Wapenda sifa huenda Zermatt au Verbier. Mtu ambaye hajawahi kufunga ski miguuni, mimi nasema aende Bettmeralp, jimboni Wallis, Uswisi. Kutoka Bern unapanda treni hadi Brig, unabadili na kuingia treni ndogo nyekundu mpaka Betten, halafu lifti ya nyaya inakuinua hadi karibu mita 1,950. Kijiji hakina magari. Watu wanakokota masanduku, mboga na watoto juu ya sleji za mbao, katikati ya barabara, na anayerudi na ski zake anateleza hadi mlangoni kwake. Hakuna anayekuja pale kutazamwa.

Kwenye kilima cha wanaoanza, wanafunzi wenzangu wengi walikuwa na miaka minne. Mmoja aliniokotea fimbo, akaendelea na safari yake bila hata kucheka. Walimu wanawafundisha kwa chakula. "Pizza!" maana yake ncha za ski zikaribiane mbele na nyuma zipanuke, kama kipande cha piza, na mwendo unapungua. "Pommes!" ni chipsi: nyoosha ski sambamba, uende zako. Nimesoma mengi kuhusu sitiari, jamani, ila hii ndiyo pekee iliyowahi kuninusuru nisigonge uzio.

Shida yangu ilikuwa kitenzi. Nimekulia Lushoto, na huko kuteleza ni jambo linalokupata. Masika yakiingia, udongo mwekundu unageuka sabuni, na mtu akirudi na matope mgongoni haulizwi alikuwa akifanya nini. Ameteleza, basi. Hata ulimi huteleza. Methali yenyewe ya kufariji, kwamba kuteleza si kuanguka, inamfariji mtu ambaye hakutaka. Sasa mimi nimelipa faranga ili niteleze. Mwili wangu wote ulikataa. Kila nikianza kwenda, nauegemeza nyuma, kama mtu anayetafuta mgomba wa kushika.

Mwanangu, miaka saba, hakuwa na tatizo hilo. Amezaliwa Bern. Mwaka mzima sasa namsemesha Kiswahili na yeye ananijibu Kijerumani. Wapo wanaonishauri nisimwitikie mpaka aseme Kiswahili. Sijaweza. Mtoto akisema ana njaa, ana njaa kwa lugha yoyote. Lakini bibi yake hajui Kijerumani, na simu zao za Jumapili zimebaki shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, haya mpe mama.

Siku ya tatu alikuwa ameshanipita. Akawa anatangulia mita chache, anasimama, ananigeukia.

"Mama, Knie!"

"Sema magoti."

"Magoti, Mama. Kunja magoti." Nikakunja. "Usitazame miguu. Tazama mbele. Polepole. Haya, njoo."

Nilifika chini nimesimama wima, na si kwa ustadi. Maneno yale niliyajua. Ni ya mama yangu, neno kwa neno, alipokuwa akimshika mkono kwenye njia ya kisimani masika yaliyopita. Kumbe yalikuwepo muda wote.

Kesho yake tulipanda hadi Bettmerhorn kuutazama mto wa barafu wa Aletsch, mrefu kuliko yote ya Alps, kilomita 20 hivi, na unazidi kufupika. Akauliza kwa nini hii ni barafu na ile tunayokanyaga ni theluji. Nikamwambia maneno yote mawili yalikuja kwetu kwa bahari, moja Kiajemi, jingine Kiarabu. Aliona ni jambo la kuchekesha sana, maneno ya baridi kusafiri kwenye joto lote lile.

Jumapili tukapiga simu.

"Bibi, leo nimeteleza sana!"

"Pole, mume wangu! Umeumia wapi?"

"Sijaumia. Nimeteleza vizuri."

Kimya kidogo Lushoto. "Vizuri vipi?"

Ikabidi aeleze. Mimi nikaenda kuanika soksi.