Honda ya Dikoni Tumbe

Kabla waya wa umeme haujapitishwa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, Pemba ilitegemea majenereta ya Wesha. Umeme ukikatika, mafundi wa kuchomelea pale Konde walikaa barazani na miwani yao myeusi mapajani. Kwa hiyo Honda ya ami yangu ilitengenezwa kwa msimu mzima wa kusi, kidogo leo, kidogo wiki ijayo.

Ilikuwa CG 125. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mchuuzi aliyechukua samaki dikoni Tumbe na kuwapeleka Wete na Chake, kisha akaitelekeza nyuma ya banda, imeegemea mnazi. Kiki haikushuka hata ukiikanyaga kwa miguu miwili. Ami aliinunua kwa bei ya vyuma chakavu, na barazani watu wakamsikitikia.

Pikipiki za Tumbe haziuliwi na uzee. Zinauliwa na maji ya samaki. Mnada wa samaki pale dikoni ukimalizika asubuhi, matenga yanafungwa kwenye karia huku bado yanachuruzika. Barafu inayeyuka njiani, na maji ya chumvi yanateremka kwenye springi, kwenye spoku, kwenye mnyororo. CG ilitoka kiwandani na mnyororo uliofunikwa kwa boksi la bati, lakini hii ilishavuliwa boksi lake, na mnyororo ulikuwa umegandana ukawa kipande kimoja cha kutu.

Ami hakuichagua kwa urahisi wa bei tu. Honda waliitoa CG mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mzigo mzito na oili husahauliwa. Valvu zake zinasukumwa na vijiti, hakuna mnyororo wa juu wa kulegea, na fundi mwenye spana chache anaifungua chini ya mwembe. Wachina baadaye waliiga injini hiyo, na bodaboda nyingi za Afrika Mashariki zinakwenda nayo mpaka leo. Kwangu mimi, wahandisi wale wa Honda wanastahili heshima kuliko waliotengeneza magari ya mashindano.

Pistoni ilikuwa imeshika. Ami alitoa plagi, akamimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, akaacha. Kila baada ya Alasiri aliitia gia ya juu, akaisukuma mbele, akairudisha nyuma, taratibu, sikio lake karibu na silinda. Hakuruhusu mtu kugonga kwa nyundo. Jioni moja tairi la nyuma likazunguka nusu, likakwama, likazunguka tena. Ami akakaa chini mchangani, akasema alhamdulillahi, asiongeze neno.

Fremu tuliisugua kwa msasa na maji ya kisima mpaka vidole vyangu vikachubuka. Kisha akaleta kopo la sifa, yale mafuta ya maini ya papa ambayo mafundi wa vyombo hupaka mbao za jahazi. Akaimimina ndani ya mabomba ya fremu na kuigeuzageuza pikipiki ili ipenye kila pembe.

"Ami, itanuka!"

"Jahazi nazo zinanuka, mwanangu, na Mombasa zinafika."

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za nahodha Robert Fergusson, aliyeona mafuta ya samaki yakizuia kutu kwenye chuma cha meli, na mwaka 1921 akaanzisha Marekani kampuni ya rangi ya Rust-Oleum. Nilitamani ami angekuwa hai nimsomee.

Jambo alilojivunia zaidi lilikuwa karia. Alikunja bati likawa sinia pana lenye kingo, likilalia upande mmoja kidogo, na kwenye pembe ya chini akatoboa tundu na kuunga mpira mwembamba uliopita nyuma ya tairi. Maji ya samaki yakawa yanamwagika barabarani, mbali na mnyororo. Boksi la mnyororo alilifua upya kwa bati la pipa.

Siku alipoipeleka dikoni kwa mara ya kwanza, wachuuzi waliizunguka. Wiki haikuisha wakaanza kuja nyumbani na kamba za kupimia lile sinia. Hakumtoza mtu hata senti. Aliwapa sharti moja tu: ndoo ya maji ya kisima juu ya pikipiki kila ikirudi, kabla mwenyewe hajaoga.