Paka Anapelekwa kwa Daktari, Anti Anaombewa

Kuna harufu mbili za mkojo ninazozijua vizuri, na familia yetu ilizipokea kwa namna mbili tofauti kabisa.

Ya kwanza ni ya paka wangu. Alipofika miezi saba hivi, alianza kulenga pazia, kochi na mlango wa friji. Hachuchumai. Anageuza mgongo, anainua mkia, mkia unatetemeka, halafu anarusha kidogo tu. Daktari wa mifugo hapa Embu mjini hakushtuka. Alisema dume ambaye hajahasiwa huandika hivyo jina lake: hapa ni kwangu. Akamhasi, na akanionya nisisafishe kwa sabuni yenye amonia, maana kwa pua ya paka hiyo ni kama mkojo wa mwenzake. Madume wengi, karibu 9 kati ya 10, huacha au hupunguza sana baada ya kuhasiwa. Wangu aliacha. Majirani walicheka tu. Hakuna aliyeuliza paka alimkosea nani.

Ya pili ni ya Anti, dada mdogo wa mama, kule Meru. Alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza akiwa na miaka 17, akakaa nao nyumbani siku mbili kabla ya gari kupatikana. Mtoto alizaliwa amekufa. Siku chache baadaye mkojo ukaanza kutoka wenyewe, mchana na usiku.

Kichwa cha mtoto kikikwama kwenye nyonga kwa muda mrefu, kinabana nyama laini iliyo kati ya kibofu na uke. Damu haifiki, nyama inakufa, na baada ya siku kadhaa inabanduka na kuacha tundu. Hiyo ndiyo fistula. Si laana, ni hesabu ya masaa: barabara ikoje, pesa ya gari iko wapi, na ni nani anayeamua mama apelekwe hospitali.

Anti aliishi hivyo miaka 19. Alikuwa anakunywa maji kidogo ili asilowe, kumbe mkojo mchache huwa mkali zaidi, unachoma ngozi na kunuka kuliko kawaida. Mume alioa mwingine. Kanisani alikaa benchi ya mwisho karibu na mlango, nailoni chini ya leso. Watu walimwombea sana. Walimwombea madirisha yakiwa wazi.

Hata Kiswahili chetu hakikumsaidia. Tulisema "anajikojolea", kana kwamba ni jambo analojifanyia. Anti hakuwa anajikojolea. Alikuwa anavuja.

Na tiba ilikuwepo. Miaka ya 1840, kule Alabama, J. Marion Sims aliwapasua mara nyingi wanawake watumwa, wakiwemo Anarcha, Lucy na Betsey, bila nusukaputi, akitafuta namna ya kuziba tundu hilo. Sanamu yake iliondolewa Central Park, New York, mwaka 2018. Catherine Hamlin na mumewe Reginald walifungua hospitali ya fistula Addis Ababa mwaka 1974. Yaani Anti alipoumia, tiba ilikuwa na umri wa zaidi ya karne moja, na ilikuwa nchi jirani. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba ugonjwa wake una jina.

Jina alilisikia redioni, kwenye tangazo la upasuaji wa bure. Alikwenda peke yake. Tundu lilizibwa, akakaa na mpira wa mkojo wiki mbili hivi. Hadi leo akikohoa kwa nguvu au akibeba mtungi, tone hutoka. Kwa baadhi ya wanawake hubaki hivyo hata tundu likishaziba. Anasema tone ni tone, si mto.

Paka wangu alipata daktari baada ya siku nne. Sijui nifanye nini na hesabu hiyo, ila siwezi kuacha kuipiga.

Mwaka jana Anti alikuja kunitembelea. Alipanda matatu Meru: Nkubu, Chogoria, Chuka, Runyenjes, hadi Embu. Alikaa katikati ya abiria wawili, na njiani alinunua chupa ya maji. Aliimaliza yote.