Karura kwa baiskeli: Asiachwe mtu nyuma

Je, msomaji, Jumamosi ijayo huna la kufanya? Basi waite marafiki wawili watatu, mjaze magurudumu upepo, mwende msitu wa Karura, papa hapa Nairobi. Asiye na baiskeli atakodi huko huko.

Usidhani ni mchezo. Mvua ikishanyesha, udongo mwekundu huteleza kama sabuni, na mizizi hukingama njiani. Ukiteremka kuelekea mtoni, inuka kitini, rudisha uzito nyuma, kisha bana breki zote mbili polepole. Ukibana ya mbele peke yake kwa ghafla, utarushwa juu ya usukani. Kabla ya kupanda mlima, badilisha gia mapema. Ukichelewa, mnyororo utagoma nawe utashuka usukume. Kusukuma si aibu.

Lakini jambo kubwa ni hili: aliye nyuma ndiye mwenye kuamua mwendo. Kwenye kila njia panda, ngojaneni hadi wote wafike. Waendao kwa miguu wapisheni.

Mnapopumzika, kumbukeni kwamba mwaka wa 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa hapa wakipinga ardhi ya msitu huu kugawiwa wajenzi. Nao hawakuachana njiani. Leo zaidi ya hekta 1,000 zingalipo, na kivuli unachopitia ni jasho lao.

Bebeni maji, pampu na viraka. Takataka zenu rudini nazo nyumbani.