Jiko la kuni la kubeba: hesabu nilizokosea Garsen

Najua nimekuwa kimya. Leo si zamu ya programu wala simu, nataka tuzungumze juu ya jiko.

Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño ziliujaza mto Tana, maji yakaenea mashambani na barabarani kuzunguka Garsen. Shangazi yangu alihamia kambini, mahali palipoinuka, pamoja na majirani zake. Mimi niko Mombasa, kazi yangu ni kuandika programu. Niliposikia wanapika kwa mafiga matatu chini ya turubai, moshi ukiwauma macho, nikajiambia: hili ni tatizo la kiteknolojia, nitalitatua.

Nikanunua jiko dogo la feni. Kwa asiyelijua, ni kama kopo la bati lenye kifaa kando kinachogeuza joto kuwa umeme. Umeme huo unazungusha feni, feni inapuliza moto, na unaobaki unachaji simu kwa waya wa USB. Nililijaribu barazani kwangu kwa vipande vya mbao vikavu. Moshi karibu hakuna, chai ikachemka upesi. Nikafurahi kama mtoto.

Njia ilipofunguka nikapanda basi hadi Garsen. Shangazi akaligeuza mikononi.

"Mwanangu, hiki ni cha kupikia ama cha kuchajia simu?"

Nikacheka. Jioni sikucheka tena.

Kwanza, kuni. Zilizokuwepo zilikuwa za mathenge, nyingine mbichi, nyingine zimelowa. Jiko lile linataka vijiti vifupi vikavu, tena kila baada ya dakika chache. Kuni yenye maji hutumia joto lake kuyakausha maji hayo kwanza. Kinachobaki ndicho kinachopika, na moshi unarudi pale pale.

Pili, sima. Chai haisongwi, sima inasongwa. Sima ya watu wanane inataka mwiko na nguvu za mabega. Shangazi alipogeuza mara ya tatu, jiko likalala upande. Tuliokoa nusu. Unga ule ulikuwa wa msaada, na watoto walikuwa wamekaa wakisubiri. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tatu, umeme. Jiko langu liliandikwa wati 3. Betri ya simu ya mAh 5000 kwa volti 3.85 ni kama wati-saa 19. Gawanya: zaidi ya saa 6 za moto, kabla ya kuhesabu umeme unaopotea njiani. Nani ana kuni za saa 6 za kujazia simu moja? Paneli ndogo ya sola ingefanya kazi hiyo bila kijiti hata kimoja.

Waandishi wa programu tuna kisingizio chetu maarufu: "Kwangu inafanya kazi!" Nilijaribu kwangu, kwa kuni zangu na birika langu. Mtumiaji sikumuuliza.

Safari ya pili nilianza kwa kumpigia simu. Masharti yake yalikuwa manne: lisimame imara, libebe sufuria kubwa, lile kuni chache, na liwe na vishikio vya kunyanyulia maji yakija. Nikayapeleka kwa fundi wa jua kali Malindi, akanitengenezea jiko la roketi. Muundo huo ulitokana na kazi ya Larry Winiarski na wenzake huko Oregon, Marekani, miaka ya 1980. Siri yake ni ndogo: njia ya moto yenye umbo la kiwiko, iliyozungushiwa kitu kinachozuia joto lisitoroke. Kuni zinaingia kwa chini zikiwaka ncha tu, hewa inapita chini yake, na moshi unaungua ndani kabla ya kufika kwenye sufuria. Halina feni wala betri. Kuni mbichi bado zinalisumbua, kwa hiyo shangazi huziweka karibu na moto wa leo zikauke kwa ajili ya kesho.

Ukitaka kununua, usianze na bei wala picha. Anza na kuni utakazozipata huko uendako, halafu ukubwa wa sufuria, halafu chakula chenyewe. Kama ni chai ya mtu mmoja safarini, jiko la feni ni zuri sana. Langu bado ninalo barazani.

Aprili 2024 Tana ulifurika tena. Ujumbe wa shangazi ulikuwa mfupi: "Tumehama. Jiko tumebeba."

Haya, tukutane tena wiki ijayo.