Dawa Iliyonywewa na Silikoni

Niliwaambia watu wa kwetu Muheza, mkoani Tanga, kwamba dawa mseto ya malaria, ALu (artemetha na lumefantrini), imeanza kushindwa. Haikuwa kweli. Naandika ili walionisikia wajue.

Nilikuwa masomoni ughaibuni, nikitengeneza vifaa vya kukuzia seli. Unachanganya silikoni na kigandisho chake, kumi kwa moja kwa uzito, unaitoa mapovu kwenye ombwe, unaimimina kwenye kalibu na kuioka. Ikiganda unaibandua, unatoboa matundu, unaipiga plazma ya oksijeni na kuigandamiza juu ya kioo. Ndani inabaki mifereji myembamba kama unywele. Hewa hupenya silikoni, kwa hiyo seli zilizomo hupumua.

Siku nilipoona kwenye hadubini vimelea vya malaria vinakua humo, ndani ya seli nyekundu za damu, niliwaza nyumbani tu. Tanzania Bara iliiacha klorokwini mwaka 2001 kwa sababu ya usugu wa vimelea, ikashika dawa ya SP. Nayo ilipochoka, sera ikahamia ALu mwaka 2006. Nilitaka safari hii tuone mapema.

Nilichukua vimelea vilivyotoka kwa wagonjwa wa mkoani Tanga, nikapitisha lumefantrini kwa kiwango cha kuua. Havikufa. Nikarudia, havikufa. Sikuvijaribu kwenye sahani ya kawaida ya plastiki ili nilinganishe, kwa kuwa nilikwisha amini nilichokiona.

Likizoni nikarudi nyumbani, nikasema ALu inashindwa. Mtoto wa kaka yangu akashikwa na homa, kipimo kikaonyesha malaria, na wifi akaniuliza kabla ya kumpa dozi. Nikamjibu, "Wifi, hiyo ALu usiitegemee." Akangoja. Kesho yake usiku mtoto akapata degedege. Hospitali walimchoma sindano za artesuneti, halafu wakamkabidhi mama yake ALu ileile akamalizie nyumbani. Nesi akamwelekeza: mpe na maziwa au chakula chenye mafuta, dawa iingie mwilini vizuri. Mtoto alipona.

Maneno ya nesi ndiyo yaliyonifumbua macho. Lumefantrini haipatani na maji. Hukimbilia mafuta, na silikoni yangu huinywa vivyo hivyo. Kadiri mfereji unavyokuwa mwembamba, ndivyo dawa kidogo iliyomo inavyozungukwa na ukuta mkubwa. Niliporudi nilipima kinachotoka upande wa pili: dawa nyingi ilikuwa imebaki kwenye kuta, vimelea vikapata masalia. Kwenye sahani ya plastiki vilikufa. Watafiti Toepke na Beebe walikwisha kuchapisha onyo kwamba silikoni hunywa kemikali za namna hii, mwaka 2006, nami sikulisoma kabla ya kumshauri mama wa mtoto mgonjwa.

Usugu si hadithi: mkoani Kagera watafiti wamekwisha kukuta vimelea vyenye mabadiliko yanayopunguza makali ya artemisinini, jamii ya artemetha iliyomo kwenye ALu. Lakini nilichosema Muheza kilitoka kwenye kifaa changu, si kwenye damu za watu. Nakifuta. Ukiandikiwa ALu, anza siku hiyohiyo, imeze na chakula chenye mafuta, na umalize dozi yote.